Tanuri la uani: udongo wa kichuguu, pumba za mpunga na mikate ya Jumamosi

Tanuri la kwanza nililojenga lilipasuka siku ya pili ya kuwashwa. Lilipasuka kwa sauti, paa! kama mtu kapiga bati kwa nyundo, na kipande cha sakafu ukubwa wa kisahani kikaruka kikaangukia mlangoni pamoja na makaa. Mwanangu mkubwa alikuwa amesimama kama mita mbili pembeni, hakuguswa, namshukuru Mungu, ila mimi siku ile hata chakula hakikupita, nilikaa tu kwenye kigoda naangalia kazi na hela zangu zote zinatoa moshi kwenye nyufa.

Kosa lilikuwa saruji. Nilimwita fundi nikamwambia nataka tanuri la kuni hapa uani, la kuokea mikate, akaangalia uwanja akasema hiyo kazi ndogo kaka, andaa mifuko minne ya saruji na tofali za bloku, na kweli ndani ya siku nne akanisimamishia kitu kimenyooka, lipu laini, majirani wakaja kuangalia. Yule anajua kujenga nyumba na nyumba zake zimesimama mpaka leo, simlaumu, mimi ndo nilitakiwa kuuliza mapema kwamba nyumba na tanuri ni kazi mbili tofauti kabisa.

Zege lina maji ndani hata kama machoni limekauka. Mengine ni unyevu wa kawaida uliojificha kwenye vitundu vidogo, mengine yameshikana na saruji yenyewe na ndo yanayoifanya iwe ngumu. Sasa ukiwasha moto, ule unyevu ukifika nyuzi 100 unageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa mara elfu moja na mia kadhaa kuliko maji, nafasi hiyo haipo, njia ya kutokea haipo, ndo unasikia paa. Ukizidi kupandisha, nyuzi 300, 400 na kuendelea, saruji yenyewe inaanza kuachia yale maji yaliyoishika na inapoteza nguvu, na kokoto nazo zinatanuka kwa namna yake tofauti na saruji iliyozizunguka. Kwa hiyo zege liache libebe uzito huko chini, hiyo kazi inaiweza. Usiliweke uso kwa uso na moto.

Nilibomoa lile kuba, yaani sehemu ya juu iliyojikunja kama nusu mpira, nikaacha msingi tu, na kwa miezi karibu mitatu sikugusa kitu.

Kilichonirudisha ni bibi yangu. Bibi mzaa mama alikuwa Unguja, upande wa Ng'ambo, na likizo za utotoni tulikuwa tunapelekwa kwake, na kila jioni anatutuma mofa kwa mama mmoja mtaa wa pili. Kwa wasioijua, mofa ni mkate wa pwani, mdogo wa duara, zamani ukifanywa kwa unga wa mtama au uwele, unaliwa na mchuzi wa pweza au samaki, na hauokwi kwenye trei. Yule mama alikuwa na tanuri la udongo lenye umbo la mtungi mkubwa, mdomo juu, moto unawaka chini kabisa mpaka kuta zinakuwa moto mkali, alafu moto ukishatulia anachukua donge, analilowesha maji kidogo, anaingiza mkono mpaka begani na kulibandika ukutani kwa ndani. Linashika palepale. Mimi nilikuwa nahesabu, nilikuwa naogopa mkono wake utaungua, haukuungua. Wakati lile la saruji limepasuka nikamkumbuka yule mama na nikajiuliza swali ambalo nilitakiwa kuanza nalo: lile tanuri lake lilikuwa la nini? Udongo. Tupu. Na liliwashwa kila siku miaka na miaka.

Hata neno lenyewe tanuri limetembea safari ndefu. Waarabu wanasema tannur, huko India na Pakistani wanasema tandoor, na ukirudi nyuma maelfu ya miaka kwa watu wa Mesopotamia walioongea Kiakadi utakuta tinuru. Neno moja limebebwa na watu wanaobandika mkate kwenye ukuta wa udongo wenye moto, mpaka likafika Ng'ambo kwa yule mama. Na huku bara tunalo pia, tanuru la tofali kila mtu amelipita barabarani linafuka moshi, hapa Morogoro ninapoishi ukitoka nje kidogo ya mji utayaona mengi tu. Nilikuwa nimezungukwa na watu wanaojua udongo na moto, na mimi nikaenda dukani kununua saruji.

Kabla ya kueleza ujenzi niseme kitu kimoja ambacho nikikielewa mwanzo ningeokoa hela nyingi. Tanuri la kuni halioki kwa moto. Linaoka kwa joto ambalo moto umeliacha ukutani. Jiko la kawaida, moto ukizima mapishi yamekwisha, lakini tanuri unawasha kuni ndani kwa ndani saa mbili au tatu, kuta na sakafu vinakunywa joto, alafu unayatoa makaa yote, unafunga mlango, na kuanzia hapo ukuta ndo unapika, juu, chini, na pembeni kwa pamoja. Mama zetu wa pwani walilijua hili bila tanuri, ndo ile mkate wa kumimina unaweka makaa chini na mengine juu ya mfuniko, moto juu moto chini. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili na vinapingana tabia. Unahitaji ukuta wa ndani mzito, ulioshikamana, unaobeba joto. Na nje ya huo ukuta unahitaji blanketi jepesi, lenye hewa nyingi ndani yake, linalozuia joto lisitoke. Watu wengi wanajenga cha kwanza wanasahau cha pili, hasa chini ya sakafu, alafu wanalalamika kwamba juu mkate umeungua na chini ni mbichi.

Udongo nilifundishwa na mama mmoja mfinyanzi anayeuza vyungu na mitungi karibu na soko. Nilimkuta anapanga vyungu vyake, nikamwambia shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu chungu, nikamweleza shida yangu yote mpaka habari ya kupasuka. Alinisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza, "Kwenu hapo kichuguu hakuna?" Nikasema kipo, nyuma ya shamba la jirani, kilishakufa hakina mchwa. Akasema, "Sasa unazunguka nini baba? Mchwa ameshakuchagulia udongo, we unaenda kununua."

Na ni kweli kabisa. Mchwa anapanda na chembechembe laini kutoka chini ardhini, anazigandisha kwa mate yake punje kwa punje, kwahiyo udongo wa kichuguu mara nyingi una mfinyanzi, yaani ule udongo unaonata, mwingi kuliko udongo unaouzunguka. Wazee walikuwa wanasiliba nao sakafu na majiko. Ila uchukue kichuguu kilichohamwa na uombe ruhusa kwa mwenye shamba, mimi nilimpelekea jirani mkate wa kwanza kama nilivyomuahidi.

Yule mama akanipa majaribio mawili na la tatu nimeongeza mimi. Kwanza, lowesha udongo kidogo, uviringishe uwe kama mnyoo wa unene wa kidole, alafu uuzungushe kwenye kidole chako. Ukikatika-katika mfinyanzi ni kidogo, ukizunguka bila kupasuka uko vizuri. Pili, finyanga donge kama chungwa, liachie kutoka usawa wa kiuno lidondoke chini. Likisambaratika kama vumbi mchanga umezidi, likibonyea kama uji maji yamezidi, likibaki donge lenye ufa mmoja mmoja anza kazi. La tatu ni la chupa: jaza udongo nusu ya chupa ya maji, ongeza maji, tikisa sana, acha mpaka kesho yake. Mchanga utakaa chini, juu yake tabaka la laini, na juu kabisa mfinyanzi, unaona kwa macho una nini.

Mfinyanzi mtupu ukikauka unasinyaa na kupasuka, ndo maana unachanganya na mchanga. Mchanga hausinyai, unashika umbo. Nilifanya vidonge vinne vya majaribio, udongo 1 kwa mchanga 1, 1 kwa 2, 1 kwa 3, 1 kwa 4, nikavianika kivulini siku tano. Cha kwanza kilipasuka, cha mwisho ukikigusa kinamomonyoka, cha 1 kwa 2 kilikuwa na nyufa za unywele, cha 1 kwa 3 kilikaa kama jiwe. Kwako inaweza kuwa tofauti kwasababu udongo wako sio wangu, fanya vidonge vyako. Mchanga uwe wa mto, wenye punje kali. Wa baharini una chumvi, uache.

Msingi sitaukalia sana, ulikuwepo: mawe, kimo cha kiunoni kama sentimita 85 ili usiiname ukiwa unaoka, juu yake zege upana wa mita 1.4 kwa 1.4. Hapo saruji haina shida kwasababu iko mbali na moto. Utamu unaanza juu yake.

Juu ya lile zege nilijenga ukingo wa tofali wa duara, na ndani yake nikapanga chupa tupu za soda na bia, 46 zilinitosha, zimelala ubavu, na katikati yake nikajazia pumba za mpunga zilizochanganywa na uji wa mfinyanzi. Uji mwepesi kabisa, yaani pumba ziwe zimepakwa tu, ukizikamata mkononi zishikane, usizizamishe. Chupa zina hewa ndani, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Pumba zikiwa karibu na joto kali zinaungua taratibu, zinaacha vitundu vyenye majivu ndani ya udongo, na hivyo vitundu ndo blanketi lenyewe. Morogoro pumba unapewa bure mashineni, wanafurahi ukiwapunguzia lundo. Kama uko sehemu isiyo na mpunga, maranda ya fundi seremala yanafanya kazi ileile. Tabaka hili lote lilikuwa unene wa sentimita 15 hivi, nikaliacha likauke wiki nzima kabla ya kuendelea.

Sakafu ni tofali za kuchoma. Tofali za moto zenyewe, zile za viwandani zinazotengenezwa kuhimili joto kali, ni bora zaidi, sibishi, lakini bei yake ilinizidi, na za kuchoma za hapa ukizichagua vizuri zinafanya kazi. Kuchagua ndo siri. Kwenye tanuru la tofali, zile za pembeni kabisa zinatoka na rangi ya kupauka, zinamomonyoka, zile zilizopata moto vizuri ni nyekundu iliyoiva, na ukizigonga mbili zinalia kama kengele. Mimi nilikaa nusu siku nagonga tofali, mwenye nazo akanichoka, lakini nilitoka na 60 zinazolia zote. Unasambaza mchanga laini sentimita 2 au 3 juu ya lile blanketi, unapiga pima maji kila upande, alafu unazipanga tofali zikae bega kwa bega bila kuweka udongo wowote katikati. Zikipata moto zinatanuka, lazima ziwe na pa kuhema, na siku moja ikivunjika unaichomoa unaweka nyingine. Hakikisha hakuna tofali iliyonyanyua kona, mana kafi, kile kibao cha kuingizia mkate, litagonga hapo kila Jumamosi.

Kuba ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ndani nilitaka upana wa sentimita 80, kimo 40. Unachora duara kwenye sakafu kwa kamba na msumari, alafu unajaza mchanga wenye unyevu ndani ya duara unaurundika na kuukandika kwa mikono mpaka uwe nusu mpira, ndoo nane za lita 20 ziliingia. Unafunika kwa magazeti yaliyoloweshwa, ili baadae ukichimbua mchanga ujue wapi mchanga unaishia na udongo unaanzia. Hapo sasa ndo unaita watu. Udongo na mchanga unamwagwa kwenye turubai, maji kidogo kidogo, na mnakanyaga kwa miguu, mnakunja turubai, mnakanyaga tena, mke wangu, watoto wawili, shemeji na watoto wa jirani ambao walifika bila kuitwa, asubuhi mpaka saa nane mchana. Ule mchanganyiko uwe mgumu, mgumu kuliko unavyodhani, donge likae kiganjani bila kulegea, mana maji mengi leo ni nyufa nyingi wiki ijayo. Unapanga madonge kuanzia chini kuzunguka, unayasukuma yashikane na yenzake na sio kuyabonyeza kwenye mchanga, unene wa kiganja kamili, kama sentimita 10, unapanda mpaka juu. Siku hiyohiyo umalize. Ukiacha nusu ukaendelea kesho, pale kwenye maungio patakuja kufunguka.

Kuhusu mlango, nisomeeni hapa taratibu. Kimo cha mlango kiwe karibu asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani. Kwangu 40 mara 0.63 ni sentimita 25 na kidogo. Tanuri la aina hii linahema kwa mdomo mmoja, hewa baridi inaingia chini ya mlango na moshi unatoka juu ya mlango huohuo. Mlango ukiwa juu mno, joto ambalo limejikusanya kwenye dari la kuba linamwagika nje, unachoma kuni bure. Ukiwa chini mno, moto unakosa hewa unafuka moshi tu. Lile la kwanza lilikuwa na mlango wa sentimita 35 kwa kuba la 42 ili "sufuria iingie vizuri", nadhani hata lisingepasuka lisingeoka mkate wa maana. Upana mimi niliweka 40, nusu ya upana wa kuba, trei na kuku vinapita.

Mlango niliukata kwa kisu baada ya siku mbili, udongo ukiwa mgumu kama jibini, na mchanga nikauchimbua siku ya tano kwa mkono na kikombe. Nilipofika kwenye magazeti nikaingiza kichwa nikaangalia juu. Limesimama. Sijui niwaelezeje, ni udongo tu umejishika wenyewe hewani hauna nguzo.

Baada ya hapo blanketi la nje, pumba na uji wa mfinyanzi tena, sentimita 10 kulizunguka kuba lote, na mwisho lipu ya udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe. Samadi ina nyuzinyuzi za majani, inashika lipu isichanike, kila aliyekulia nyumba ya udongo anajua. Mvua ndo adui mkubwa wa tanuri la udongo kwahiyo lazima paa. Nilipiga nguzo nne na bati, juu kiasi cha mtu kusimama na mkono kunyooka. Makuti yanapendeza kweli lakini cheche moja tu, usithubutu. Niliwahi kumaliza kabla masika haijaanza Machi, na hii sio kazi ya kuanza mawingu yakiwa yamefunga milima ya Uluguru.

Kukausha kunataka moyo. Niliacha wiki mbili bila moto kabisa, alafu siku sita za vimoto vidogo, siku ya kwanza vijiti vya ukubwa wa kidole kwa saa moja, siku ya pili saa mbili, naongeza kidogo kidogo. Siku ya tatu niliona lipu ya nje inatoa jasho na mvuke mweupe unapanda kwenye bati, moyo ukapiga nikikumbuka ule mlio wa paa! wa lile la kwanza, lakini udongo una vitundu, mvuke ulikuwa unapita taratibu unaondoka zake. Zikaja nyufa za unywele tatu, nikazisiliba udongo laini tanuri likiwa na uvuguvugu, hazijarudi. Wale wanaowasha moto mkubwa siku ya kwanza kwasababu wageni wamealikwa, nawaomba mnisikilize, wageni wale wali siku hiyo.

Vifaa sio vingi na vingi havina duka. Cha kwanza ni kile kibao chembamba chenye mpini mrefu cha kuingizia mikate, mimi naita kafi kwasababu seremala nilimuonyesha umbo la kafi la mtumbwi akaelewa mara moja, mpini mita 1.2. Cha pili reki ya chuma ya kuvutia makaa, fundi wa kuchomelea alinitengenezea kwa nondo na kipande cha bati nene. Cha tatu fimbo yenye kipande cha gunia la katani mwishoni, kinaloweshwa, ndo cha kufutia majivu sakafuni kabla mkate haujaingia. Karai bovu la kupokelea makaa, na hayo makaa usimwage maji, pigia pasi, chemshia chai. Glavu za ngozi za mafundi wa kuchomelea. Na mlango. Mlango wangu ni wa mbao nene sentimita 5, nauloweka kwenye maji nusu saa kabla, unaziba joto na ule unyevu unasaidia mkate mwanzoni. Wa bati nilianza nao nikauacha, bati linapitisha joto lote nje. Kipima joto cha kumulika nilinunua baadae, kinasaidia, ila macho na mkono vinatosha ukishazoea.

Macho yanaangalia masizi. Ukiwasha, kuba lote kwa ndani linakuwa jeusi tii, na unaendelea kulisha kuni ndogo ndogo zenye moto wa kuwaka. Baada ya saa moja na nusu hivi unaona dari linaanza kusafika, masizi yanaungua yenyewe, weusi unarudi nyuma kama kivuli mpaka udongo unabaki na rangi yake. Hapo tanuri limeshika joto. Kama watoto wanataka piza, muda ni huo, unasogeza moto pembeni, sakafu iko nyuzi 400 au karibu, inaiva dakika mbili huku unaizungusha. Kwa mkate hilo joto ni kali mno. Unatoa makaa yote, unafuta sakafu, unafunga mlango nusu saa joto lisambae sawa. Alafu unarusha unga kidogo sakafuni. Ukiwa mweusi palepale, subiri. Ukihesabu mpaka 15 na umekuwa wa kahawia, ingiza.

Donge langu halina maajabu, ngano kilo 2, maji lita 1 na robo au zaidi kidogo kulingana na unga, chumvi vijiko 2 vya chakula visivyojaa, hamira kijiko kimoja tu cha chai kwasababu linalala usiku kucha sehemu yenye ubaridi. Linatoa mikate 6 na yote inaingia kwa mkupuo mmoja. Dakika 35 mpaka 40, na ukiugonga mkate kwa chini unatoa sauti ya ngoma. Ganda lake linapasuka likipoa, linalia kabisa, watoto wanaweka masikio.

Na hapo tanuri bado lina kazi ya siku nzima, hili ndo linalonifurahisha zaidi. Mikate ikitoka anaingia kuku au sato na viazi. Baada ya hapo joto likishuka, jioni, kinaingia chungu cha makande kimefunikwa, mahindi na maharage niliyoyachemsha kwanza kwenye jiko dakika kama 20 za kutokota kweli, mana maharage hasa yale mekundu yana sumu ambayo moto wa uvuguvugu hauiondoi. Yanalala humo. Asubuhi yanatoka laini na chungu hakijaungua chini hata kidogo. Msimu wa embe, joto la mwisho kabisa nalitumia kukaushia vipande vya embe na ndizi kwenye wavu, mlango nimeuacha wazi kidogo unyevu utoke.

Najua mtu ataniuliza, wakati nchi nzima inahimizwa nishati safi we unajenga tanuri la kuni? Ni swali la haki. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na mimi nauunga mkono kwa moyo wote, nimemuona mama yangu macho mekundu kwa moshi wa jikoni miaka yote. Mapishi yetu ya kila siku ni gesi. Tanuri linawashwa mara moja kwa wiki, nje, kwa kuni za matawi ya mkaratusi tunayopogoa kila mwaka kwenye uzio, na mzigo mmoja wa kukumbatia unaoka mikate ya wiki, kuku, na makande ya kesho. Mti haujakatwa kwa ajili yake. Kuni ziwe kavu kabisa, zilizopasuliwa na kukaa miezi sita au zaidi, mana kuni mbichi inatumia moto wake kuchemsha maji yake yenyewe na kumfukiza jirani. Na kamwe, kamwe usiingize mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi, au vipande vya nguzo zilizotiwa dawa, zile za kijani zina sumu ambazo zitabaki kwenye majivu palepale unapoweka mkate.

Gharama kwa wanaotaka kujua, la kwanza lilinila laki 5 na ushee. Hili ni laki 2 na nusu hivi, na karibu nusu yake ni bati na nguzo za paa, udongo nimelipa mkate mmoja.

Naandika hii saa nne usiku nimekaa uani. Moto ulitoka saa saba mchana. Ndani kuna chungu cha makande, na pembeni yake nimesimamisha kuni za Jumamosi ijayo zimalizie kukauka. Nimemulika kipima joto ndani kupitia mlangoni sasa hivi, kimesoma nyuzi 120. Mgongo nimeegemeza kwenye kuba kwa nje, na ukuta ni wa baridi.